Haluli ya Huzaifa

Watu wa Kibokoni hawakosi la kusema, na juu ya mtoto wa Fairuz walisema yote. Mmoja alisema mtoto ameingiliwa tangu yumo tumboni, eti mamake alipita kisimani magharibi kichwa wazi. Mwengine akasema ni televisheni, mimba nzima Fairuz alikuwa akitazama picha za Kihindi. Wale wenye adabu zaidi hawakusema kitu. Walimtazama mtoto, wakamtazama mamake, kisha wakavuta buibui zao wakapita. Bora wale waliosema.

Huzaifa alikuwa akiingia mwaka wa sita na neno hajatoa. Ukimwita hageuki, na kiziwi hakuwa, maana karatasi ya biskuti ikifunguliwa ghorofani yeye yuko chini huja mbio. Kutwa alipanga vifuniko vya soda sakafuni, safu moja ndefu kutoka mlangoni mpaka ngazini, na ole wako ukigusa kimoja. Ukiacha biskuti, hakula ila vyeupe: mkate wa boflo, wali mkavu, maziwa. Na tumbo lake, masikini, lilikuwa gumu kama ubao. Hupita siku na siku hajaenda choo, kisha kikamtoka kimaji cha kunuka kikamchafua nguo, na akibanwa hujipiga kichwa ukutani mpaka paji likavimba.

Yote hayo Fairuz aliyabeba. Lililomla ni moja tu, kwamba mtoto hakumjua. Akishikwa mkono na jirani, huenda. Akishikwa na mpita njia, huenda vile vile. Kuna mara mwanamke mmoja alimkuta barazani peke yake akadhani amepotea, akamchukua mpaka Ndia Kuu, na Fairuz alipowafikia anatweta, ushungi umemwanguka mabegani, Huzaifa hakuonyesha kama aliyemjia ni mamake au ni mbuzi wa mtu.

"Mimi sitaki mengi," alimwambia mumewe jioni ile. "Asisome. Hata kusema, asiseme. Anitazame tu ajue huyu ni mamangu, basi, nitashukuru."

"Inshallah," akasema Abdulghafur. Alikuwa karani wa watu wanaotoa mizigo bandarini Kilindini, mtu mpole.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba ikaja ile mvua watu waliyoiita El Nino, ikanyesha kama iliyotumwa. Maji ya vyoo yakaingia visimani, na kuharisha kukatembea nyumba hata nyumba. Huzaifa naye kukamshika, pamoja na homa kali. Alasiri moja Fairuz alikuwa akimkanda kwa kitambaa cha maji, na mama mkwe wake, Bi Sheikha, mwenye nyumba ile, amekaa kwenye kiti na tasbihi yake. Mtoto alikuwa ametoka maji mpaka macho yameingia ndani. Akayafumbua. Akayaweka juu ya uso wa mamake, si ukutani wala begani kama ilivyo ada yake, akasema kwa sauti ndogo safi:

"Mama, baridi."

Tasbihi ilimwanguka Bi Sheikha. Fairuz alifungua kinywa apige kigelegele, akajiziba kwa mkono asije akamtisha, akaanza kumfunika. Shuka, kanga, buibui lake, hata msala wa kuswalia aliutupia juu. Mtoto akamshika kidole hakukiachia, na mpaka jua linakuchwa alimfuata kwa macho kila alipokwenda. Fairuz alilia kwa furaha hata akaona haya mbele ya mama mkwe.

Kisha dawa zikafanya kazi. Homa ikashuka, tumbo likafunga, na Huzaifa akarudi huko huko alikokuwa. Asubuhi aliteremka kitandani, akampita mamake kama anayepita nguzo, akaenda kupanga vifuniko vyake.

Hebu fikiri wewe. Miaka yote unabisha mlango, ukafunguliwa, ukaona ndani mna mtu na mtu mwenyewe anakujua, mara ukafungwa tena puani mwako. Fairuz tangu siku ile hakuwa yule. Alikuwa akipika huku anawaza, mchuzi unaungua, na analowaza ni lile lile, ni kitu gani kilichomfungua mwanawe.

Jibu lilikuja kwa simu. Mwezi wa mfungo pili, wa pili baada ya Ramadhani, siku ya Ijumaa baada ya sala, alipiga Mejumaa, dadake Abdulghafur aliyeolewa London. Simu ilikuwa na mwangwi, kila neno linarudi mara mbili, na nyumba nzima imesimama kuizunguka.

"Fairuz, nisikiza," alisema Mejumaa. "Maradhi ya Huzaifa yana jina huku, yaitwa otizimu. Nimeona kwenye televisheni, kuna madaktari wasema huenda yameshikana na tumbo. Matumbo ya watoto hawa ni mabovu, na huenda ule ubovu ndio upandao kichwani. Lakini wenzao wawapinga, wasema hapana uhakika, msije mkafanya..."

Ikakatika. Hata isingekatika, sijui kama kuna ambaye angelisikia lile la mwisho, maana Bi Sheikha alikuwa keshapiga makofi.

"Tumbo! Sikusema mimi? Tangu yuna mwaka nasema, tumbo la mtoto huyu si safi!"

Alikuwa amesema pia jini, na televisheni, na jicho la yule jirani wa ng'ambo ya kichochoro, lakini siku ile nani wa kumkumbusha. Fairuz aliketi chini palepale. Mzigo ulimshuka. Kumbe si kisima, si picha za Kihindi, si yeye. Ni tumbo. Na siku aliyosema, si alikuwa anaharisha? Si tumbo lilikuwa limetoa vyote vilivyomo?

"Mama," akasema polepole, "hajawahi kupawa haluli."

Wakatazamana.

Nani aliyelelewa Mombasa asiyeijua haluli? Shule zikifungwa tu, alfajiri ya kwanza ya likizo mtoto huamshwa na bakuli limeshamngoja, maji ya majani ya sanamaki yaliyochemshwa, ndani yake imekorogwa chumvi ya haluli. Pua inabanwa, unakunywa, unapewa kipande cha ndimu unyonye. Siku hiyo kucheza huendi, ni wewe na choo. Jioni ukishakauka unapewa supu ya kuku, na wakubwa wanasema, haya, sasa mtoto yu safi, arudi kusoma. Ni siku moja tu, mpaka likizo nyengine. Huzaifa hakuwa na shule, kwa hivyo hakuwa na likizo, na haluli ya wenziwe ilimpita mwaka baada ya mwaka bila mtu kukumbuka.

"Miaka sita ya uchafu," alisema Bi Sheikha, akashika kiuno. "Lo! Na sisi twamlaumu jini wa watu."

Haluli ya kwanza aliitengeneza Bi Sheikha mwenyewe, ya kitoto, kwa kipimo chake cha siku zote. Huzaifa aliharisha kutwa. Jioni lile tumbo la ubao likawa laini, akalala bila kujipiga, na kesho yake alikuja akakaa karibu na mamake, bega lake limegusa bega la Fairuz, akakaa hivyo mpaka chai ikapoa. Hakumtazama, lakini alikaa. Na hili lilikuwa kweli, hakulizua mtu. Mtoto alikuwa na maumivu na maumivu yalipungua. Fairuz alilishika bega lake kama amepewa amana.

Siku zikapita, tumbo likaanza kukaza, na bega likaondoka.

"Tumpe tena, Mama."

"Taratibu, mwanangu. Haluli haifuatanishwi. Ngoja mwezi uandame."

Lakini Fairuz hakuwa na subira ya mwezi. Alivaa buibui akaenda maduka ya dawa za majani kule Marikiti, akanunua fungu la sanamaki na chumvi yake, akavificha nyuma ya gunia la mchele. Alimpa mwanawe asubuhi wakati Bi Sheikha yuko juu ya msala anaswali. Akampa tena. Kila mara mtoto alilegea kidogo, akatulia kidogo, na kila mara mamake akaona dalili. Mara ameitika, mara ametaka kucheka. Mtu mwenye kiu ya kuona huona tu, na pale hapakuwa na wa kumwambia hapana.

Abdulghafur alirudi kazini magharibi moja akamkuta mwanawe amelala ubavu sakafuni, vifuniko viko mbele yake na havijapangwa. Akavua viatu, akachutama, akamgusa shavu.

"Mumempa nini mtoto?"

"Ile haluli yake," akasema Bi Sheikha kutoka jikoni. "Lakini ni siku nyingi."

"Fairuz?"

Abdulghafur hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha. "Mtazame alivyokonda. Mbavu zahesabika. Isiingie tena nyumba hii, umenifahamu?"

"Wewe hukumsikia!" Fairuz alilipuka. "Hukuwapo! Mimi na mamako tumemsikia kwa masikio yetu, aliniita! Yumo mle ndani, Babake Huzaifa, yumo, na tumbo ndilo limfungialo!"

"Isiingie."

"Haya."

Haya ile ilikuwa ya mdomoni. Toka siku hiyo alianza kumtilia kwenye maziwa. Uchungu wa sanamaki aliuficha kwa sukari na iliki, na chumvi haikuonekana. Huzaifa hakuwa mjinga. Alionja, akageuza uso, akaikunja midomo ndani mpaka ikapotea. Hapo mamake alimpakata, akamfunga mikono kwa kanga, akambana pua, na akifungua kinywa kutafuta pumzi, akamimina. Mtoto alikohoa, akapiga mateke, akamtapikia kifuani. Fairuz alimfuta, akambusu utosini, akasema nisamehe roho yangu, utanishukuru, akamimina kilichobakia. Usije ukadhani alikuwa na roho mbaya. Mapenzi yalimjaa mpaka yakamfunika macho, na mimi nasema laiti angempenda kidogo tu, kama watu wengine wanavyopenda watoto wao, angesikia yale makelele.

Na neno halikuja. Hapo ndipo akapata hesabu yake mbaya. Siku ya mvua, alijiambia, aliharisha mpaka macho yakaingia ndani. Mimi nampa kidogo kidogo kwa uoga, ndiyo maana anakuja nusu njia anarudi.

Alingoja siku ambayo Bi Sheikha alialikwa arusi huko Kuze, mwaliko wa tangu asubuhi, na Abdulghafur yuko bandarini. Akachemsha sanamaki yote iliyobakia. Chumvi hakuipima.

Kufika adhuhuri Huzaifa alikuwa hana tena cha kutoka. Ilikuwa maji matupu, kisha hata maji yakakatika. Midomo ilikauka ikapasuka. Macho yakaingia ndani, yale yale, kama siku ile, na Fairuz moyo ukaanza kumwenda mbio. Alimlaza kitandani alikolazwa siku ile. Alimfunika shuka, akamfunika kanga. Akapiga magoti, uso wake juu ya uso wa mtoto. Na Huzaifa akamtazama. Wallahi alimtazama, machoni, hapepesi.

"Ndoo mwanangu," akamnong'onezea, akimwita aje. "Ndoo. Sema Mama. Sema baridi. Mimi hapa."

Adhana ikalia, hakuinuka. Jirani akabisha hodi kuomba mbuzi ya kukunia nazi, hakuitika, asije akaikosa sauti ikitoka. Aliinamisha sikio mpaka likagusa ile midomo, na pumzi iliyotoka ilikuwa fupi, ya haraka, yenye harufu asiyoijua. Akaona ndiyo neno linajipanga. Akangoja. Alikaa hivyo mpaka vivuli vikageuka dirishani, amemshika mtoto kidole, na kidole kimepoa.

Bi Sheikha alirudi alasiri na sahani ya biriani ya arusini. Alipofika mlangoni pa chumba sahani ilimtoka mikononi.

"Fairuz! Mtoto huyu yuwafa!"

"Shh, Mama," alisema Fairuz bila kugeuka. "Yuwataka kusema."

Ndipo Huzaifa alipokakamaa. Mgongo ukapinda, meno yakaumana, mikono ikaanza kupiga godoro, na macho yale yaliyokuwa yakimtazama mamake yakageuka meupe. Bi Sheikha alitoka mbio kichwa wazi, mwanamke wa umri ule, akapiga ukelele kichochoroni, na aliyeitika wa mwanzo ni Kombe, jirani aliyeendesha pikapu ya soda. Kreti zilishushwa zikaachwa njiani. Fairuz alipandishwa mbele na mtoto mapajani, na njia nzima alikuwa akisema, alikuwa karibu, alikuwa karibu, Mama, umetuharibia.

Aliyewapokea hospitalini alikuwa daktari mwanamke, Daktari Thoya. Hakuwauliza kitu mpaka mishipa ya mtoto ilipopatikana na chupa ya maji ikatundikwa, na kuipata mishipa yenyewe ilikuwa kazi, imenywea yote. Kisha akawageukia.

"Amekunywa nini?"

Bi Sheikha akadakia, "Ni tumbo la mvua, daktari, mji mzima..."

"Haluli," akasema Fairuz. "Nimempa mimi. Leo na siku nyingi. Nilitaka aseme."

Akaeleza yote, El Nino, simu ya London, maziwa. Abdulghafur alifika katikati ya maelezo akasimama mlangoni na kadi yake ya bandarini bado imemning'inia shingoni. Aliposikia la maziwa aliegemea ukuta.

Daktari alisikiza mpaka mwisho. Hakugomba, na Fairuz angependa agombe.

"Mtoto wako tumbo linamuuma kweli," alisema. "Huko chini amejaa choo kikavu, cha muda mrefu, kigumu kama jiwe. Kile kimaji kilichokuwa kikimtoka kilikuwa kinapita kando yake. Akijipiga kichwa, alikuwa anasema tumbo linaniuma, hana namna nyengine. Ungemleta tungemlainisha polepole, kwa chakula, kwa maji, kwa dawa ndogo ya kila siku. Haluli imemkausha maji na chumvi ya mwili, na lile jiwe imeliacha hapo hapo."

"Na la London?"

"Wanabishana. Huenda kuna kitu, huenda hakuna. Hakuna anayejua bado, mama, na akikwambia anajua usimwamini."

"Lakini alisema, daktari. Alikuwa anaharisha, akasema."

Daktari Thoya akakaa kwenye ukingo wa kitanda. "Alikuwa na homa?"

"Kali."

"Nimeyasikia hayo kwa wazazi wawili watatu wa watoto kama huyu. Homa ikipanda mtoto anachangamka, anatazama, mwengine anasema. Ikishuka, basi. Sijui kwa nini, na sijaona anayejua. Lakini ilikuwa ni homa. Kuharisha hakukuwa na kazi yoyote."

Fairuz alilielewa neno hilo polepole, kisha akalielewa lote. Alitoka nje ya wodi akakaa sakafuni kwenye ujia, miguu ya watu inampita, akauma ukaya wa buibui asipige kelele.

Huzaifa hakufa. Degedege halikurudi, figo zikaamka, akarudishwa Kibokoni amebaki macho na mbavu. Wakafuata maneno ya daktari, uji mwepesi, papai lililopondwa ambalo Bi Sheikha alimzoesha kwa ncha ya kijiko, maji kila saa, na dawa tamu kidogo jioni. Lile jiwe lilitoka taratibu. Akaacha kujipiga kichwa. Akalala. Abdulghafur hakumwacha mkewe wala hakumtukana. Alimwambia mara moja tu, "Uliniambia 'haya'," na hakulirudia tena, na Fairuz aliona heri angepigwa.

Chakula mtoto alikula kwa babake. Alikula kwa nyanyake, na kwa Kache, binti wa jirani, hata kwa Kombe aliyekuja kumtazama na pakiti ya biskuti. Siku ya mwanzo Fairuz alipomletea uji, Huzaifa aliinua kichwa kabla hajafika. Alimtazama usoni, akaikunja midomo ndani, kisha akaiziba kwa viganja viwili, kimoja juu ya chengine. Fairuz akaweka bakuli chini, akarudi nyuma. Mtoto hakuondoa viganja. Mamake akarudi nyuma tena mpaka ukutani. Alipotoka chumbani, akamsikia Bi Sheikha akisema haya baba, kula, na kijiko kikagonga bakuli.

Alijaribu kwa kikombe chengine. Alijaribu kwa mkono mtupu. Alijaribu kuvaa kanga ya mama mkwe na udi wake. Mtoto ambaye hakutofautisha mamake na mbuzi alimtambua kwa nyayo tu ngazini, na hata nyumba iwe imejaa wageni, jicho lake lilimtoa yeye mmoja katikati ya wote likamfuata mpaka akaondoka.

Kache aliyaona hayo siku moja alipokuja kuazima chungu. Alikuwa msichana mwema, hakuambiwa mengi.

"Mashallah, Bi Fairuz!" alisema, uso wote umekunjuka. "Yuwakutazama! Siku hizi Huzaifa yuwamjua mamake!"

"Ee," alisema Fairuz. "Yuwanijua."

Akamkabidhi chungu, akatoka akakaa barazani, maana uji ulikuwa umeshapoa na mtoto hajala.